MWENYE KUHIFADHI NA KALAMU YAKE

Sifa zote njema zamstahikia Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baad:

Kuna hoja isemwayo na wengi katika wazee wetu hapa Airport na katika mitaa mingine ya Changamwe, nayo ni hii: ya kuwa Muislamu mwenye kuipenda dini yake na ada njema za wazee wake hafai kuziandika gazetini aibu za Waislamu wenziwe, kwani kufanya hivyo ni kumpa adui silaha. Wasema kuwa mambo ya nyumbani husemwa nyumbani. Na kuna kundi la pili, wengi wao ni vijana, wasemao kuwa kila mwenye kutaka kuhifadhi ya kale ni mtu aliyelala, hana la kuwaambia watu wa zama hizi, na kuwa kalamu haimfai ila mwenye kutaka kubomoa. Makundi mawili haya yagombana usiku na mchana, lakini yamekubaliana katika jambo moja bila ya kujijua, nalo ni kuwa mwenye kuhifadhi na mwenye kukosoa hawawezi kuwa mtu mmoja.

Sisi twaona kuwa wote wawili wamekosea, na ushahidi wetu hauko mbali. Mtu akivuka Makupa akaingia kisiwani Mombasa, ataukuta mji alioishi na kufanya kazi Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, mwanachuoni, mwandishi wa gazeti, na kadhi. Tumechagua kuyatazama maisha yake kwa sababu yeye ndiye mtu wa kwanza katika pwani yetu aliyetoa gazeti la Kiislamu kwa lugha ya Kiswahili, na kwa sababu maswali yanayotusumbua leo yalimkuta yeye kabla yetu.

Alizaliwa Mombasa mwaka 1891, katika ukoo wa Mazrui, uliotawala mji huu hata ukaondolewa na Sayyid Said bin Sultan mwaka 1837. Babake, Sheikh Ali bin Abdallah, alikuwa mwanachuoni mkubwa, lakini alifariki mwaka 1894 na mtoto angali mdogo sana, akalelewa na kusomeshwa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali. Kisha akaenda Unguja kusoma kwa Sayyid Ahmad bin Sumeit na Sheikh Abdallah Bakathir, mabwana wawili ambao hakuna chuo katika pwani hii ila kina deni kwao. Basi elimu yake ilikuwa ya kikale, kwa isnadi na kwa kukaa chini ya mwalimu, si ya mtu aliyeokota kitabu njiani akajiita mjuzi.

Mwaka 1895, naye yu mtoto wa miaka minne, pwani hii iliwekwa chini ya himaya ya Waingereza kwa mapatano na Sultani wa Zanzibar. Bendera nyekundu ya Sultani ilibaki ikipepea juu ya Ngome ya Yesu mpaka mwaka 1963, lakini amri ilikuwa katika mikono mingine. Hayo ndiyo mazingira aliyokulia: jina la dola lipo, nguvu hazipo, misikiti imejaa, mashamba yapungua, watoto wa waliokuwa mabwana wawatazama Wazungu kwa jicho la hasira, na wakati uleule kwa jicho la kutamani.

Naye alikuwa akisoma yaliyokuwa yakiandikwa Misri. Alisoma Al-Manar, jarida lililoanzishwa Cairo mwaka 1898 na Sayyid Rashid Ridha, aliyeliendesha hata alipofariki mwaka 1935. Na Al-Manar nalo lilifuata nyayo za Al-Urwa al-Wuthqa, gazeti lililotolewa Paris mwaka 1884 na Sayyid Jamaluddin Al-Afghani na Sheikh Muhammad Abduh, ambalo halikuishi hata mwaka mmoja. Tazama, ndugu msomaji, gazeti lililokufa kabla ya kutimiza mwaka lilivyozaa jarida la miaka mingi, na jarida hilo likafika Mombasa mikononi mwa mtu aliyeweza kulisoma na kulifahamu. Neno la kweli halihisabiwi kwa wingi wa nakala zake.

Mwaka 1930 Sheikh Al-Amin alianzisha Al-Sahifa, na mwaka 1932 akalitoa Al-Islah, kwa Kiswahili na Kiarabu. Jina hili la pili, Al-Islah, maana yake ni kutengeneza. Na mwaka 1944 makala zake za gazetini zilikusanywa katika kitabu kiitwacho Uwongozi, ambacho kingali kikisomwa. Na mwaka 2017 kilitolewa pamoja na tafsiri ya Kiingereza, wakapata kukisoma watu wa mbali.

Je, aliandika nini? Hapa ndipo penye moyo wa maneno yetu. Aliwaambia Waislamu wa pwani kuwa wamewaiga Wazungu katika yale mepesi na yasiyo na faida, katika mavazi na ngoma na michezo ya kupoteza wakati, na wakayaacha yale yaliyowapa Wazungu nguvu, nayo ni elimu, umoja, kazi, na kuyajali maslahi ya watu wao. Alilia juu ya uvivu, juu ya israfu za arusi na matanga, juu ya bidaa zilizovishwa kanzu ya dini. Alitaka watoto wafundishwe dini yao na lugha ya Kiarabu, na pia elimu za dunia. Na alisema kuwa wanawake nao wana haki ya kusomeshwa, jambo ambalo halikuwa jepesi kusemwa mbele ya watu wa mji katika siku zile.

Wachambuzi wa siasa wa leo wakiyasoma haya hawajui wamweke wapi. Akikataza kuiga mavazi na dansi, humwita mhafidhina, yaani mwenye kushikilia ya kale. Akipinga matanga na kutaka mtoto wa kike asomeshwe, humwita mwenye kuleta mapya. Sisi twasema kuwa alikuwa mtu mwenye mizani moja. Aliweka juu yake jambo la kale akauliza: je, lina asili katika dini, na lina manufaa kwa watu? Kisha akaliondoa, akaweka jambo jipya juu ya mizani ileile, akauliza maswali yaleyale. Lililokuwa zito alilishika, ajapokuwa mtengenezaji wake ni Mzungu. Na lililokuwa jepesi alilitupa, ajapokuwa aliyeliacha ni babu yake.

Hii ndiyo maana ya kuhifadhi kwa watu wenye elimu. Mwenye nyumba ya mawe katika Mji wa Kale, akiona mti umeota ukutani na mizizi yake yapasua chokaa, je, huuacha kwa kuwa umekuwapo tangu zama za babake? La. Huukata, na kwa kuukata ndipo anapoihifadhi nyumba. Na mwenye kuuacha kwa heshima ya wazee, siku moja ataamka na ukuta u chini. Kwa hiyo mwenye kupinga kila marekebisho haihifadhi dini wala ada. Huhifadhi usingizi wake mwenyewe. Na mwenye kubomoa nyumba nzima kwa sababu ya mti mmoja, huyo naye hatumwiti mjenzi.

Sasa tuzitazame hoja zinazoletwa juu ya mtu kama huyu.

Akiuliza mtu: "Je, kuandika makosa ya Waislamu si kusengenya, na kusengenya ni haramu kwa Kitabu na Sunna?" Twamjibu: Kusengenya ni haramu, hapana shaka, na Suratul Hujurat imelikataza kwa mfano utishao ambao kila Muislamu aujua. Lakini wanavyuoni walieleza mipaka yake. Imam Nawawi, katika Riyadhus Salihin, ametaja mambo sita ambayo kwayo huruhusiwa kumtaja mtu kwa alichokitenda: kushtaki dhuluma; kutaka msaada wa kuondoa munkari; kutaka fatwa; kuwatahadharisha Waislamu na shari; mwenye kuufanya uovu wake waziwazi, kwa ule aliouonesha; na kumtambulisha mtu kwa jina ajulikanalo kwalo. Basi anayeandika kuwa mali ya mayatima yaliwa, au kuwa ardhi ya wakfu yapimwa usiku na asubuhi ina ukuta wa mtu, akiwa na hakika ya asemayo, huyo yu katika jambo la kwanza na la pili na la nne. Anyamazapo, hasitiri aibu ya Waislamu. Huisitiri dhuluma, na dhuluma haina haki ya kusitiriwa.

Na zaidi ya hayo, makala za Uwongozi husema na umma kwa jumla juu ya maradhi yao. Tabibu asemapo kuwa mjini mna homa, hamsengenyi mgonjwa yeyote.

Akiuliza mwingine: "Yeye alikataza kuwaiga Wazungu, mbona alitumia gazeti, nalo ni jambo lililokuja na Wazungu?" Twamjibu kuwa hapa ndipo mizani yake inapoonekana wazi. Kalamu haina kabila, na mtambo wa kupiga chapa hauna dini. Alichokataza ni mtu kujidharau, akaona kuwa hawi mtu mpaka afanane na mwengine. Ama chombo cha kuyafikisha maneno ya haki, kila mwenye haki ana haki nacho. Sisi tulio hapa karibu na uwanja wa ndege wa Moi twawaona kila mwaka mahujaji na wenye kufanya umra wakipanda ndege. Hatujamsikia mzee hata mmoja akisema kuwa safari ile imeharibika kwa kuwa ndege haikuundwa na Waislamu.

Hoja ya tatu ndiyo nzito, wala hatutaki kuipita mbio. Mwaka uleule wa 1932 Sheikh Al-Amin alifanywa Kadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 akafanywa Kadhi Mkuu wa Kenya, cheo alichokuwa nacho hata alipofariki tarehe 1 Aprili 1947. Al-Islah halikuishi muda mrefu. Akiuliza mtu: "Je, si vibaya mwenye kalamu kukubali kiti cha serikali ya wageni? Hakuuza ulimi wake kwa mshahara?" Twasema: suali hili ni la haki, na kila mwandishi lazima ajiulize. Kiti humfunga mtu hata kama hakufungwa kwa kamba. Kadhi hawezi kusema kila anachosema mwandishi, kwani kesho wagombanao watasimama mbele yake, naye atakiwa asiwe ameshahukumu barazani.

Lakini tazama upande wa pili. Mahakama ya kadhi ndiyo yenye kukata mambo ya ndoa na talaka na mirathi ya Waislamu. Mjane anyimwaye fungu lake na mashemeji hasaidiwi na makala. Asaidiwa na hukumu. Lau wanavyuoni wema wote wangekikataa kiti kile ili mikono yao ibaki safi, kingekaliwa na nani? Wema waliopita walihitalifiana katika jambo hili. Abu Hanifa alikataa ukadhi akafungwa kwa kukataa kwake. Na Abu Yusuf, mwanafunzi wake mkubwa, aliukubali akawa Kadhi Mkuu wa Harun Al-Rashid. Hatujasikia mwenye akili akisema kuwa mmoja wao hakuwa na dini. Kipimo ni hiki: mtu akipanda kitini, je, mizani yake ilibaki ileile? Na katika jambo la Sheikh Al-Amin tunacho cha kutazama. Uwongozi ulitoka mwaka 1944, naye yu Kadhi Mkuu. Maneno aliyoyasema akiwa mwandishi hakuyameza alipokuwa hakimu. Aliyameza mangapi mengine, hilo ni baina yake na Mola wake. Sisi tumeamrishwa kuhukumu kwa yaliyo dhahiri.

Basi tukiyatazama maisha haya yote, twaona kuwa mwenye kutoa rai mbele ya watu ana masharti manne, na mwenye kuyakosa ni heri kalamu yake ikauke.

La kwanza: aanze kwao. Sheikh Al-Amin alikuwa mtoto wa ukoo uliopoteza dola. Angetaka, angeandika maisha yake yote juu ya waliowanyang'anya, na watu wangemshangilia, kwani hakuna kinachoshangiliwa kama kulaumiwa mtu asiyekuwapo. Yeye aliiandika tarikhi ya ukoo wake kama ilivyompasa, lakini gazetini aliwaelekea watu wake mwenyewe, akawauliza wamefanya nini kwa kile kilichobaki mikononi mwao. Mchambuzi ambaye kila siku aibu ni ya jirani, huyo ni mfanyabiashara wa hasira.

La pili: ahakikishe. Tumeamrishwa katika Suratul Hujurat kuichunguza habari kabla ya kuitendea kazi, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Zamani gazeti lilipita katika mikono mingi, na katika kila mkono palikuwa na nafasi ya kujiuliza. Leo mtu aipokea habari simuni naye yu ndani ya matatu, na kabla hajafika Magongo ameshaipeleka kwa watu mia. Je, aliisoma? Aliisoma nusu. Je, amjua aliyeianza? Hamjui. Na Siku ya Kiyama nakala zile zote zina mwenyewe.

La tatu: atie jina lake. Wenzetu wengi wafanya kazi pale uwanjani, nao wajua kuwa mzigo usiojulikana mwenyewe haupakiwi katika ndege. Husimamishwa, huitiwa askari, na watu husogezwa kando, kwa kuwa huenda ndani yake mna kitu cha kuangamiza. Hii ni hekima. Basi vipi mtu huyohuyo, akitoka kazini, apokea neno lisilo na mwenyewe akaliingiza nyumbani kwake, akawasomea wanawe? Neno lenye jina lina mtu wa kuulizwa. Wenye kuona kuwa amekosa walimjua Sheikh Al-Amin ni nani, na nyumba yake ni ipi, na msikiti anaosomesha. Huo ndio mlango wa haki: uwezapo kumlaumu mtu, naye akuone uso, na aweze kukujibu.

La nne: maneno yafuatwe na kazi. Sheikh Al-Amin alilalamika juu ya ujinga, kisha akakaa chini akasomesha. Katika wanafunzi wake alikuwamo Sheikh Muhammad Kassim Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu kuanzia 1963 hata 1968, naye baadaye akatoa gazeti la Sauti ya Haki. Na aliyefuata katika kiti kile, mwaka 1968, ni Sheikh Abdalla Saleh Farsy, aliyeshika njia hiyohiyo ya islahi, ambaye tafsiri yake ya Kurani kwa Kiswahili ilitoka kamili mwaka 1969. Sheikh Al-Amin mwenyewe alikuwa ameanza kazi ya kuifasiri Kurani kwa Kiswahili, na mauti yakamkuta hajaimaliza. Alilolianza mmoja walilishika wengine.

Na mwanawe, Profesa Ali Mazrui, aliyezaliwa mwaka 1933 na kufiwa na babake akiwa na miaka kumi na minne, naye aliishi kwa kalamu na kwa kutoa rai juu ya siasa, Makerere kisha Marekani, hata alipofariki mwaka 2014 akaletwa kuzikwa Mombasa. Njia yake haikuwa ya babake katika mambo mengi, na wapo katika wanavyuoni wetu waliompinga. Lakini ule ujasiri wa kuliandika jambo na kulitia jina lake mbele ya wakubwa, twadhani mwenye kuutafuta asili yake hana haja ya kwenda mbali.

Ndugu zetu wazee, kwenu nyinyi twasema kwa adabu: msiogope kusomwa na adui. Adui azijua aibu zetu kabla yetu, wala hangoji gazeti letu. Anayepaswa kuogopwa ni mjukuu wenu, aonaye kuwa ardhi ya wakfu yaenda na wenye vilemba wamenyamaza, kisha akadhani kuwa ndiyo dini iliyonyamaza. Huyo akitoka hatarudi kwa kuhimizwa.

Na nyinyi vijana wetu, msiidharau kazi ya kuhifadhi. Kubomoa hakuhitaji mwalimu. Kujua lipi ni jiwe la msingi na lipi ni mti uliojiotea ukutani, hilo lataka miaka ya kusoma, na subira, na kukaa na waliotangulia. Mwenye kutaka kuandika juu ya umma huu, na ausome kwanza. Akiisha kuusoma, na aandike, atie jina lake, na asubiri kujibiwa.

Twamuomba Mwenyezi Mungu amrehemu Sheikh Al-Amin na walimu wake na wanafunzi wake, azisafishe nia zetu, na ajaalie kila herufi tuandikayo iwe shahidi wetu wala isiwe shahidi juu yetu. Amin. Wa billahi taufiki.